Nazi Niliyoinunua Mimi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha watayarishaji, Mama Sulochana. Waheshimiwa wageni waalikwa. Ndugu zangu waigizaji, mafundi wa taa, washonaji na wapika chai. Nawe uliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango: nawasalimu kwa heshima, na kwa uso ambao leo sijui niuweke wapi.

Miaka kumi na tisa! Humu Mumbai wapo watu walionisikia nikisema "filamu inatoka Diwali hii" wakiwa wanafunzi, na leo wanasindikiza watoto wao shuleni. Juzi muuza tambuu wa mtaani kwangu kaniambia, "Kaka Damodar, huyo mhalifu wako si atakuwa ameshakufa kwa uzee?" Nilicheka naye, lakini sikulala vizuri.

Filamu yenyewe, mtakayoiona leo, ni ya mapenzi na fumbo. Bwana harusi anatoweka asubuhi ya harusi yake kule Mahabaleshwar, na bibi harusi anabaki na hina mikononi, watu wakinong'ona kuwa ana nuksi. Nani kamchukua mwanamume huyu? Mmelisubiri jibu muda wote huo. Je, mlijua kwamba hata mimi mwongozaji nilikuwa silijui?

Tulianza kama tunavyoanza sote: kuhani ameshataja siku ya heri, kamera imevishwa shada la maua, na hadithi tutaiandika palepale studio, kila asubuhi ukurasa wake. Nikampa mwigizaji wetu mkuu, Vasudha Karkhanis, binti wa miaka ishirini na mitatu, nazi ya kuombea heri aipasue mbele ya kamera. Akaipasua, na harufu ikatufikia sote. Imeoza. Mliokuwapo mnajua: nazi mbovu siku ya heri ni mkosi.

Miezi minane baadaye, nikiwa sina mwisho wa hadithi, mwandishi wa jarida aliniuliza kwa nini tumekwama. Nikamjibu, "Kaulize nazi ilipasukia mikononi mwa nani." Basi. Katika kazi yetu hii, ya watu wasiothubutu kuwasha kamera bila kutazama nyota, hapakuhitajika neno la pili. Watayarishaji watatu walimwacha wiki ileile. Mwaka uliofuata hakuna aliyempigia simu, naye akaenda zake Thane kufundisha watoto hesabu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nazi ile niliinunua mimi, nje ya stesheni ya Dadar, mbiombio, na sikuitikisa. Mtu mzima, mzaliwa wa Konkan, pwani ya minazi, nanunua nazi bila kuitikisa! Nilijua kosa ni langu siku ileile, nikafyata ulimi.

Na si hilo tu. Wiki ya pili ya kazi, Vasudha akiwa anapakwa poda, aliniambia, "Kaka, mbona mwisho uko wazi? Hakuna aliyemchukua. Mwanamume kaogopa, kakimbia kwa miguu yake, kamwachia mwanamke lawama." Nikamcheka mbele za watu. "Binti," nikamwambia, "wewe tunza sura, hadithi tuachie wenyewe." Mwaka jana, nilipokuwa nimeshindwa kila njia, niliuchukua mwisho huohuo, tukampiga picha bwana harusi na mvi zake halisi. Naam, nimewaharibia utamu. Mtayarishaji wangu yule kashika kichwa. Kishike tu, bwana! Mwisho ni wa Vasudha, na picha zikimalizika mtaliona jina lake likiwa peke yake, kama mwandishi.

Jumapili nilikwenda kwake na kadi ya mwaliko na sanduku la peremende za maziwa. Akanipa chai, maana ni mstaarabu kunishinda. Kisha akasema, "Umekuja kuniomba radhi sebuleni? Kwani uliponiita nuksi, uliniitia sebuleni?" Nikainamia kikombe. "Nitakuja," akasema. "Nitakaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Ukianza tu kupindapinda maneno, mimi huyo."

Vasudha, hukuwa na nuksi. Mimi nilikuwa mwoga. Nilikimbia kama bwana harusi yule, nikakuachia lawama miaka kumi na tisa, na wewe ulikuwa umeshaniambia mapema kwamba wanaume hufanya hivyo. Naona aibu, na naiona mbele ya watu walewale walioona haya kukusalimu kwa sababu yangu.

Naona mkoba bado uko mapajani. Sawa. Filamu ina saa mbili na dakika ishirini, na sikuombi uuweke chini. Nakuomba tu, jina lako litakapotokea, likukute bado umo humu ndani.

Ndugu zangu, makofi msinipigie. Nawashukuru kwa masikio yenu, nami nashuka. Fundi, zima taa. Ila ile ya mlangoni iache, asije akajikwaa akitaka kutoka.