Hermani Sulle na Antena ya Kwa Bibi Genoveva

Tarehe 30 Juni 1991, Ndugu Hermani Sulle, fundi mkuu wa redio wa mashamba yetu ya ngano hapa Hanang, anastaafu baada ya miaka ishirini ya utumishi. Tangu wiki iliyopita anazunguka karakana akigusa kila waya, na sisi tunajifanya hatumwoni.

Alizaliwa Tlawi, kule Mbulu, akaja kwetu mwaka 1971 na sanduku la vifaa na koti zito la baridi. Koti lile bado analo. Siku hizo ujumbe wa mashambani ulibebwa na dereva wa trekta, na ulifika mapema iwapo dereva hakupitia kwa shemeji zake. Hermani ndiye aliyetufungia redio, shamba baada ya shamba.

Lililomtoa jasho ni shamba la bondeni. Kati yake na makao makuu kuna kilima, na mawimbi ya redio zetu hayapandi vilima. Hermani akatafuta kitu kirefu kuliko vyote kule bondeni, akakiona: ghala la ngano la mabati. Alifunga antena ubavuni mwa ghala, akashuka ngazi anatabasamu. Makao makuu tulisikia mikwaruzo tu. Mabati yalivuruga mawimbi, na yaliyobaki yakagonga kilima. Tulimtania msimu mzima. Yeye hakucheka, kwa sababu mkewe, Philomena, alikuwa muuguzi wa zahanati ya bondeni, na wakati wa kiangazi cheche moja ya kombaini inatosha kuwasha ngano iliyokauka.

Basi akaacha kutafuta urefu, akatafuta mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili. Pakawa ni kwa Bibi Genoveva, mjane mkulima aliyejenga juu ya kilima. Hermani alikwenda kuomba kwa adabu za kwao: alikaa, akanywa uji, akasifu ng'ombe, na hakutaja antena hadi Bibi mwenyewe alipomuuliza kilichomleta. Mlingoti ukasimama kando ya zizi, na antena ya kurusha pande zote. Bondeni akafunga ile ya kulenga upande mmoja, akaielekeza kwa Bibi. Redio na betri ya gari vikawekwa sebuleni kwake, naye akawa anapokea ujumbe wa bondeni na kuurudia kwetu.

Bibi alitoa sharti moja: hapokei ujumbe wa mtu kabla ya shikamoo. Hata meneja aliamkia. Wengine tulinung'unika kwamba siku moja tutaungua huku tunasalimiana.

Siku hiyo ilifika kiangazi cha 1984. Mchana, upepo ukiwa mkali, Philomena aliita kutoka bondeni kwamba moto umeingia kwenye ngano na unaelekea zahanati, na wagonjwa wamo ndani. Hakuamkia. Sisi tulisikia sauti ya Bibi tu: "Moto bondeni! Unakwenda zahanati! Leteni matrekta sasa hivi!" Hermani alikuwa nyuma yangu, ameshika meza. Matrekta yalilima ukanda wa udongo mbele ya moto, nao ukaishia hapo.

Jioni Bibi akarudi hewani. "Philomena mwanangu, ya moto nimeyasikia. Shikamoo yangu bado naingoja." Bibi alituambia kwamba Philomena aliamkia huku analia. Hermani naye alilia, na sisi pia.

Hermani, tulipomwambia Bibi kwamba unaondoka, alitupa neno tukufikishie. Anasema katika miaka yote hii mtu mmoja tu hajawahi kumwamkia kwa redio, naye ni wewe. Kila mara ulipanda kilima ukamwamkia mlangoni.

Asante kwa kazi yako. Tunakuombea wewe na Philomena afya, mvua za kutosha na jioni za utulivu huko Tlawi. Ila kesho, gari la mizigo yenu lisipitilize kwa Bibi. Anasema uji utakuwa jikoni.