Kola ya Baba Florence

Pale Garsen, kwenye kona ya kwenda kinu cha kusaga, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na mbele yake Abdirahman Issack huweka dele lake la kahawa ya tangawizi kila asubuhi. Jina lake ni Abdirahman. Anayemwita Abdi hupewa kikombe cha mwisho, kile chenye machicha, mpaka ajifunze. Wakaaji wa ubao huo ni watatu. Bonaya, dalali wa ng'ombe, huitwa Wizara, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakuambiwa mapema na mtu wa wizarani. Tom wa bodaboda huitwa Setilaiti, na sababu yake itaonekana. Wa tatu ni Jasper Godhana, karani mstaafu na mzee wa kanisa, mzaliwa wa Ngao, mtu wa maneno machache. Yeye huitwa Baba Florence tu, maana hajatokea mtu wa kumpa jina la utani akabaki na raha. Asubuhi hiyo jua lilikuwa limeshapasha ubao moto, na Jasper akaja amejifunga kitambaa shingoni mpaka kidevuni.

— Baba Florence, hiyo shingo ina nini? aliuliza Bonaya.

— Mafua.

— Mafua ya Garsen? Jua hili?

— Ndiyo.

Bonaya aliinamia kikombe chake ili asicheke. Sababu ya kitambaa kile waliijua wote. Jana yake, hapo hapo ubaoni, Tom alikuwa amewasomea kwa sauti blogu ya Dorothy, mke wa Jasper. Florence, binti yao aliyeko Mombasa, ndiye aliyemfungulia mama yake, na Dorothy huonyesha humo namna ya kushona vitu vya nyumbani bila kununua kitambaa kipya: aproni ya gunia la unga, foronya ya vipande vya leso, mkoba wa suruali iliyochoka. Safari hii ilikuwa zamu ya kola. Picha ya kwanza ilionyesha shati jeupe lenye mistari ya samawati, kola yake imelika kwa kusuguliwa na ndevu. Katika ya pili, kola ile ile ilikuwa imefumuliwa kwa wembe, ikageuzwa, upande wa chini ukaja juu, ikashonwa tena, na shati likawa kama limetoka dukani. Chini yake Dorothy alikuwa ameandika: "Shati la Baba Florence. Alilivaa Pasaka, na watu wakamuuliza amelinunua wapi."

Waliomuuliza Pasaka ile ni hawa hawa wa ubaoni, na Jasper alikuwa amejibu, "Mombasa." Hakusema uongo. Shati lilitoka Mombasa kweli, ila si mwaka huo wala ule uliopita. Leo alikuwa amelivaa lile lile, kwa kuwa kulivua kungekuwa sawa na kukiri.

Mfukoni mwa shati hilo alikuwa na simu ya Dorothy. Dorothy anapovuka mto kwenda shamba huiacha nyumbani, maana nyingine iliwahi kumtumbukia Tana. Jasper alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya: blogu imo simuni, simu imo mfukoni, basi blogu imefungwa. Kilichobaki ni Dorothy akirudi aambiwe ifungwe kabisa. Ila neno hilo alitaka liwe na wazee nyuma yake. Kwa neno lake peke yake, tangu waoane, hakuwahi kumshinda.

— Kwa hiyo umeifunga, alisema Bonaya.

— Iko hapa. Jasper aligusa mfuko.

— Yote?

— Yote.

— Na zile picha?

— Zimo.

— Hiyo ndiyo kazi ya mwanamume. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Wizara, alisema Abdirahman akimimina, anayeziba ufa ni huyo mama. Hiyo methali ni yake, si yetu.

— Methali ni kama ng'ombe wa mnadani. Mwenye kufika mapema ndiye anaondoka naye.

Simu ikatetemeka mfukoni. Jasper akaikandamiza kwa kiganja, kama mtu anayeapa.

— Mmeskia? alisema Tom. Hiyo ni blogu inatafuta kutoka.

— Itoke iende wapi? aliuliza Bonaya.

— Kwa hewa, mzee. Blogu ni kama njiwa. Ukiifungia inapiga mbawa. Kuna jamaa wa Minjila alifungia yake ndani ya sanduku siku mbili, ikatulia tuli.

— Na yeye alikuwa na blogu? aliuliza Abdirahman.

— Alikuwa na redio. Lakini kanuni ni ile ile.

Jasper hakuipenda kanuni hiyo, lakini hakuwa na nyingine. Yeye hutumia simu ndogo ya vitufe, na hii ya Dorothy ilimtaka namba za siri kabla haijamsikiliza.

— Nyinyi mnaangalia shingo ya mzee tu, alisema Abdirahman. Mimi naangalia mbali. Haya mashati ya mtumba yanatoka wapi?

— Ulaya, alisema Tom.

— Wanayatupa kwa nini?

— Kola zimelika.

— Sasa wanafungua blogu ya Mama Florence, wanaona kola inageuzwa, shati linaishi mara ya pili. Watasema nini? Watasema, kumbe bado yanavalika. Turudishieni.

Bonaya akatazama shati lake, lenye nembo ya timu ya mpira wa magongo ya mji asioujua.

— Hawawezi kudai kitu walishatupa, alisema.

— Wizara, hao walidai nchi nzima. Watashindwa na shati?

— Basi mimi niwaambie jambo kubwa kuliko hilo. Kuna mtu wa wizara, jina lake sitalitaja.

— Hulijui, alisema Abdirahman.

— Sitalitaja. Yeye aliniambia serikali siku hizi inasoma kila kitu. Sasa mto ukifurika, sisi tukilia tuletewe unga na mablanketi, watafungua blogu. Watasema, watu wa Tana Delta? Hao wanavaa shati upande wa mbele na upande wa nyuma, wanafanya gunia kuwa aproni. Hao hawana shida. Pelekeni unga pengine. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana hapo ni nani? aliuliza Jasper. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kitu asubuhi hiyo.

Bonaya alifikiri. — Mwana ni kola.

— Mimi naona viwanda, alisema Tom. Dunia nzima ikigeuza kola, nani atanunua shati jipya? Viwanda vifungwe, wenye viwanda wakasirike. Watamtuma mtu. Ataketi hapa kama mteja, aagize kahawa, ajifanye anauliza njia tu. Halafu mama atapewa gari kubwa na nyumba Nairobi ili anyamaze.

— Akipewa gari atanyamaza? aliuliza Abdirahman.

Wote wakamtazama Jasper.

— Hapana, alisema Jasper, na sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na majivuno. Hatanyamaza.

Simu ikatetemeka tena, kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

— Hiyo imepata nguvu, alisema Tom. Itoe mfukoni, mzee, haifai kukaa karibu na moyo.

Jasper akaitoa, akailaza kifudifudi juu ya ubao, kati yake na Bonaya. Waliizunguka kama watu wanaomtazama kambare asiyekubali kufa.

— Toa betri, alisema Bonaya.

— Hizi betri zao hazitoki, alisema Tom.

— Basi ipeleke mahali hakuna mtandao, alisema Bonaya. Kilelengwani.

— Mtoto wangu yuko Kilelengwani, alisema Abdirahman, na hunipigia kila Ijumaa kuomba nauli. Mtandao upo.

— Izikwe ndani ya unga wa mahindi, alisema Tom. Unga unazuia mawimbi.

— Unga wa nani? alisema Bonaya. Mimi nasema mto. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nguo ndiyo shati, maji ndiyo Tana, na simu ioge.

— Haitaoga, alisema Jasper.

— Si ulitaka kufunga?

— Nilitaka kufunga. Sikutaka kuzamisha.

Bonaya alikuwa anatafuta methali ya kumjibu pale kivuli kilipoanguka juu ya ubao. Msichana wa hijabu ya kijani alikuwa amesimama mbele yao na mfuko mkononi, viatu vyake vimejaa vumbi la stendi.

— Asalaam aleikum, wazee.

Wakaitikia. Tom akamkanyaga Abdirahman mguu, akanong'ona kwamba mtu wa viwanda amefika, na amekuja kama alivyosema.

— Naitwa Anisa Hanad, natoka Wenje. Naulizia nyumba ya Mama Florence, yule wa blogu ya kushona.

Halafu akamtazama Jasper, uso wake ukafunguka. — Lakini si wewe ndiye Baba Florence?

— Umenijuaje?

— Kwa hicho kitambaa cha shingo. Kile kilichokuwa pazia. Kiko kwenye blogu, kabla ya kola. Mama ameonyesha namna ya kukunja pindo.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwuma Jasper zaidi. Alikuwa amekichomoa kitambaa kwenye msumari nyuma ya mlango bila kukiangalia. Sasa aliinamisha macho, akayaona maua madogo mekundu aliyokuwa akiyatazama kila asubuhi kwenye dirisha la nyumba yao ya kwanza, kule Ngao, kabla jua halijayapausha.

— Hiyo blogu, alisema Tom taratibu, uliisoma lini?

— Hata leo. Nimeisoma ndani ya basi njia nzima.

Wanaume wanne wakaitazama simu iliyokuwa imelala kifudifudi.

— Ila Mama hashiki simu. Nimempigia tangu alfajiri. Ngojeni nijaribu tena.

Anisa akabonyeza simu yake, akaiweka sikioni. Juu ya ubao simu ya Dorothy ikaanza kutetemeka, ikajisogeza upande, ikampita Bonaya aliyevuta goti lake pembeni, ikaelekea ukingoni. Tom akaidaka, na kwa kuidaka akaigeuza. Anisa akaiona namba yake mwenyewe inawaka. Akakata. Namba ikatoweka, na kiooni ikabaki picha ya Jasper Godhana siku ya Pasaka, amesimama mlangoni mwa kanisa, shingo wazi, kola imekaa sawasawa, anacheka kama asivyocheka ubaoni.

Anisa aliitazama picha, akamtazama mwenyewe.

— Baba, aliuliza kwa adabu, simu ya Mama inafanya nini hapa?

Bonaya alifungua kinywa. Kulikuwa na methali kwenye mdomo wake, ilionekana, lakini haikutoka. Tom akaikabidhi simu kwa Jasper haraka, kama aliyeokota kitu cha mtu. Abdirahman akainamisha dele juu ya kikombe ili afanye kitu, na zikatoka machicha tupu.

Jasper akafungua fundo la kitambaa, akakivua, akakikunja mara mbili juu ya goti.

— Humo mfukoni una nini, mwanangu?

— Mashati ya shule ya wadogo zangu. Shule zinafunguliwa Jumatatu na kola zote zimelika. Moja nimeifumua mwenyewe nikaigeuza, lakini pembe zinakataa. Zinajikunja kama masikio ya mbuzi. Ndiyo nikasema nimfuate mwenyewe.

— Pembe, alisema Jasper.

— Eeh.

Mzee wa kanisa akageuka pale pale ubaoni, akampa msichana mgongo, akainamisha kichwa mbele ya wenzake wote mpaka kola ikawa juani.

— Tazama.

Anisa akasogea. Alifuata mshono kwa kidole bila kuugusa, kutoka pembe moja kwenda nyingine.

— Hata hauonekani, alisema.

— Hauonekani, alisema Jasper, kichwa bado chini. Sasa twende. Mwenyewe yuko shambani, atavuka mto kabla ya adhuhuri, na akikukuta hapo nyumbani atafurahi.

Akasimama, akarudisha simu mfukoni.

— Baba Florence, alisema Bonaya. Na akiuliza simu ilikuwa wapi?

— Nitamwambia.

— Utamwambia nini?

— Bado natafuta. Kuna mwendo hadi nyumbani, kule kinuni.

— Na lile neno ulitaka kwa sisi wazee? Tumeamua nini?

— Mmeamua kunyamaza mpaka nirudi.

Abdirahman alisuuza dele. Bonaya, akidhani haonwi, alipeleka mkono nyuma ya shingo yake, akapapasa ukingo wa kola kwa kidole gumba, na kidole kikasimama mahali palipolika.

Jasper alikuwa ameshafika kwenye kona. Msichana alimfuata hatua moja nyuma, kama adabu inavyotaka, mfuko wake wa mashati kwapani, macho yake hayabanduki kwenye mshono ule. Jasper hakugeuka kumwangalia. Alijua anatazama nini, akanyoosha mgongo.