Mnyororo Ulikuwa Mzima: Maisha ya Cleveland Mortimer Semple, 1938–2019

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliosafiri kutoka mbali: leo Jumamosi lango la maji la kijiji chetu cha Kleyn Vreede litafungwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kabla ya hapo tuwe tumeshasema, tumeimba na tumefukia, kwa sababu lango likifungwa mifereji hujaa, na makaburi yetu yako chini. Saa ya kuzika hapa haipangwi na kasisi, hupangwa na bahari. Kwa miaka mingi marehemu ndiye aliyetupigia hesabu hiyo. Leo tumeipiga kwa ajili yake.

Cleveland Mortimer Semple, Anko Cleve kwa wengi wenu, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, mstari wa tatu kutoka barabara kuu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Nathaniel Semple, mkata miwa, na Adina, aliyeuza mkate wa muhogo kwenye stesheni ya treni ya Mahaica.

Alisoma shule ya kanisa hapa kijijini tangu 1944 hadi 1951. Cheti chake cha mwisho tunacho. Hesabu, nzuri. Mwandiko, mbaya. Chini kabisa mwalimu mkuu aliandika: "Husema ukweli hata asipoulizwa." Mama yake hakujua kama hiyo ni sifa au malalamiko, akakifungia kabatini. Mwaka huohuo baba yake aliumia mgongo na masomo yakaishia hapo.

Akiwa na miaka kumi na minne aliingia kikosi cha majembe, wale wanaosimama kwenye mfereji maji yakiwafika kiunoni na kutupa tope juu ya tuta kutwa nzima. Mwaka 1959 alipewa lango. Wenyeji mnalijua, lakini wajukuu waliozaliwa Toronto wameuliza, basi tuseme. Ni mlango mzito wa mbao kwenye ukuta wa bahari, unaoning'inia kwa mnyororo. Maji yakipwa unaupandisha, mvua yote iliyolala mashambani ikatoka. Maji yakianza kujaa unaushusha, bahari ikabaki kwake. Mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea. Nyuma ya mlango huo wanaishi watu mia tisa juu ya ardhi iliyo chini kuliko bahari.

Tarehe 28 Aprili 1962 alimwoa Ismay Thom. Wageni walikuwa ndio kwanza wanapakuliwa wali wa kunde na nazi, bwana harusi akatazama saa, akasimama.

"Unakwenda wapi?" bibi harusi akamuuliza.

"Kushusha mlango. Dakika ishirini tu."

"Na mimi nikae hapa na keki?"

Walikwenda wote wawili, yeye kwa suti ya kuazima, Ismay akiwa ameinua gauni hadi magotini, na mnyororo waliuzungusha pamoja. Mama Ismay husema hadi leo kwamba aliolewa na kuajiriwa siku moja. Mungu aliwapa watoto watatu.

Wafanyakazi wa mifereji walimchagua msemaji wao mwaka 1965. Hakuwa na sauti nzuri wala maneno mengi. Alipoulizwa na bwana mmoja wa ofisi ya wilaya wafanyakazi wanataka nini hasa, alijibu, "Viatu." Bwana yule akangoja sentensi iendelee, haikuendelea. Viatu vya mpira vilikuja baada ya miezi miwili. Hivyo mwaka 1970 chama chake cha siasa kilimwomba agombee uenyekiti wa halmashauri ya kijiji, na kila mtu, hata wapinzani wake, alijua atapita.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya jamaa waliomba turuke. Yeye mwenyewe asingeruka.

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1970, majira ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, alikuwa na mkutano wa kampeni barabarani, amesimama juu ya sanduku mbele ya duka la mikate. Mlango ulitakiwa kushushwa saa kumi kasoro robo. Watu walikuwa wengi, walikuwa wanacheka na kupiga makofi, na kwa mara ya kwanza maishani Cleveland Semple alinogewa na sauti yake mwenyewe. Alipokumbuka saa, ilikuwa imeshapita kumi na nusu. Alikimbia. Bahari ilikuwa imepita chini ya mlango na kupanda mfereji mkuu hadi nyuma ya kijiji. Nyumba zilisalimika. Kilichozama kwenye maji ya chumvi ni ekari tisa za mpunga wa Sookdeo Bhagwandin, uliobakiza wiki moja kuvunwa.

Jumapili baada ya ibada wakubwa wa chama walimfuata uwanjani kwake.

"Cleve, tumeshaongea. Utasema mnyororo ulikatika."

"Haukukatika."

"Mnyororo ni wa zamani, bwana! Nani atakwenda kuupima?"

"Mimi nilishaupima. Ni mzima."

"Basi kaa kimya tu. Wiki saba zimebaki. Wewe unadhani Bhagwandin angekupa kura hata hivyo?"

Jumatano alipanda tena kwenye sanduku lilelile mbele ya duka la mikate. Hotuba ile ndiyo fupi kuliko zote alizotoa. "Mnyororo ni mzima. Mwenye kosa ni mimi. Bwana Bhagwandin amepoteza mpunga wake kwa sababu nilikuwa hapa nawaambia mimi ni mtu wa kuaminika." Akashuka. Desemba alishindwa vibaya, na lango wakampa mtu mwingine.

Akarudi kwenye majembe. Kwa misimu miwili, kila Jumamosi, alikwenda shambani kwa Bhagwandin bila kuitwa, akazibua mifereji ili mvua ioshe chumvi. Mwenye shamba alisimama juu ya tuta na kumwangalia. Saa sita mke wa Bhagwandin alileta roti na chai, akaviweka katikati yao, akaondoka. Msimu wa tatu mpunga ukaota. Semple akamuuliza, "Ndugu Sook, yamekwisha?"

"Chumvi imekwisha," Bhagwandin akajibu, akaenda zake.

Ilipita miaka ishirini na minne kabla marehemu hajagombea tena. Mwaka 1994 vijana wa chama walizunguka nyumba kwa nyumba, na walipofika kwa Bhagwandin walitaka kupita haraka. Akawaita warudi.

"Mwambieni Semple kura yangu anayo."

"Kumbe umemsamehe, mzee!"

"Nani kasema? Sijamsamehe. Lakini huyu akiharibu, atakuja kukuambia. Hao wengine mpaka uzame."

Maneno hayo yalifika kila nyumba kabla ya jioni. Alipita, akawa mwenyekiti kwa miaka mitatu, kisha akaingia Bungeni na kukaa huko tangu 1997 hadi 2006. Wanaomkumbuka kule mji mkuu, Georgetown, wanakumbuka siku waziri mmoja alipoeleza kwa saa nzima mpango wa kuboresha mifereji ya pwani. Marehemu alisimama: "Mheshimiwa Spika, nimesikiliza yote. Swali langu ni moja. Hilo lango la Kleyn Vreede linafunguka au halifunguki?" Halikuwa likifunguka. Mashine mpya ya kulipandisha iliwekwa mwaka uliofuata. Alirudi kijijini na suruali tatu na nyumba ileile ya mstari wa tatu, na alipostaafu alizoea kukaa langoni asubuhi akimsumbua mhudumu kwa ushauri.

Kisukari kilianza kumsumbua mwaka 2009, na 2016 alikatwa mguu wa kushoto. Hakupenda kuonewa huruma. Aliyemtembelea kila Alhamisi ni Sookdeo Bhagwandin, ambaye kwa wakati huo alikuwa mjane na hasikii vizuri. Walikaa barazani wakicheza domino na kugombana juu ya mvua. Kila alipoaga, marehemu alimuuliza kwa sauti kubwa, "Sook! Bado?" Na kila Alhamisi jibu lilikuwa, "Bado." Mama Ismay alimsihi mumewe aache kuuliza. Alisema, "Ana haki yake. Na mimi nina haki ya kuuliza." Aliuliza kwa mara ya mwisho tarehe 7 Machi. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 9 Machi 2019 asubuhi, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka themanini na mmoja.

Ameacha mjane, Ismay. Watoto, Verlyn, Rawle na Claudette. Dada yake Eulalie. Wajukuu wanane na vitukuu wawili. Na ameacha mtu mmoja ambaye hatujui tumwandike chini ya jina gani.

Mmeshamtafuta kwa macho, na hamjamwona. Jumanne, kabla karatasi hizi hazijapelekwa kuchapwa, Mzee Bhagwandin alikuja nyumbani kuuliza saa ya mazishi. Tulimwambia tumemwekea kiti mbele, pamoja na familia. Akakataa. Akasema ameshaongea na mhudumu wa lango, na Jumamosi atakaa yeye pale.

"Mzee, kwa nini? Mhudumu yupo."

"Mhudumu naye atataka kuja kusikiliza," alisema. "Siku ile watu wote walikuwa kwenye hotuba, lango likabaki peke yake. Jumamosi ninyi mtahutubia. Semple hatalala kwenye maji mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Verlyn akajikaza, akamuuliza lile swali la baba yake. Alirudia mara mbili, kwa sababu ya masikio. Mzee alivaa kofia yake kwanza.

"Mwambieni yamekwisha."

Baba, tumekuambia. Mlango uko juu tangu asubuhi, kaburi lako ni kavu, na yupo mtu anayetazama saa. Pumzika kwa amani.