Radiateri Ndogo ya Mama Brigitte

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlioko Kamalondo, Katuba, Kampemba na kule Ruashi. Maharagwe yaacheni kwenye mbabula, yatajipika. Leo tunamkumbuka dereva wa maarusi. Mwanamke dereva, ehe! Kwenye karatasi za serikali alikuwa citoyenne Ngosa. Mtaani alikuwa Mama Brigitte. Mama Brigitte ametutoka, na juma hili tumemzika.

Wengi wenu mlipelekwa kanisani na gari yake ya Kimarekani, nyeupe, ndefu kama behewa. Gari ile aliachiwa na mumewe, marehemu Émile. Ilikuwa na boîte otomatiki, giaboksi ile inayobadilisha vitesi, yaani gia, yenyewe. Raha tupu! Lakini ina adui mmoja: joto. Mafuta yake yakichemka, yanaungua. Yakiungua, mota inanguruma na gari haiendi. Joto, wasikilizaji, ndilo linaloua boîte ya namna hiyo.

Na arusi zetu mnazijua. Msafara unatambaa, honi zinalia, bamama wanacheza pembeni, jua la mwezi wa kumi linachoma. Upepo hakuna. Mwaka ule Émile alipofariki, gari iligoma kule Katuba na bibi arusi akiwa ndani. Maskini akaenda kanisani kwa miguu, gauni linafagia vumbi. Mawee! Mama Brigitte alitamani ardhi impasukie.

Hapo shemeji yake Rigobert, mdogo wa Émile, akapata la kusema. Tusifichane: kwetu mume akifa, ndugu zake wanakuja kubeba vitu, hata sufuria. Rigobert aliitaka gari. Akasema mbele ya ukoo mzima:

"Bibi ya kaka yangu anaua gari. Mutoto yangu Mwaba anaolewa mwezi wa kumi. Brigitte amubebe. Gari ikikufa mu njia, funguo kwangu!"

Kumbuka, msikilizaji, gari ile ndiyo iliyowalisha watoto wa Mama Brigitte, Alexis na Mutale. Bila gari, hakuna bukari, ugali wetu, mezani.

Mama Brigitte hakukaa kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi Donat, pale Kamalondo. Donat akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Mama, mafuta ya boîte inapoa ndani ya radiateri kubwa ya mota. Na ile radiateri yenyewe iko moto! Tuongeze ingine ndogo, ya mafuta peke yake. Tutaiweka mbele, kwenye upepo."

Mama Brigitte aliuza cherehani yake, akanunua radiateri ndogo mpya kwenye duka la vipuri mjini. Donat akaifunga mbele kabisa, nyuma ya meno ya gari, pale upepo unapoingilia, akaunga mipira yake. Mafuta yatoke kwenye boîte, yapite radiateri kubwa, yapite ndogo, yarudi yamepoa. Mama akaijaribu njia ya Luano, polepole, juani, kwenda na kurudi. Akachomoa kijiti cha mafuta, akanusa. Mafuta mekundu, safi, hayanuki kuungua. Alicheka peke yake barabarani.

Siku ya arusi ikafika. Misa ya katedrali ikaisha vizuri. Sasa msafara uelekee Kasapa, kwenye karamu. Hapo nje ya kanisa, bamama wa upande wa Rigobert wakaja na pagne mpya, kitenge cha maana, na maua, wakaifunga mbele ya gari, kutoka taa hii mpaka taa ile. Ni heshima yetu, nani ataikataa? Mama Brigitte mwenyewe alipiga makofi. Kosa hilo! Radiateri ndogo imefunikwa. Hata kubwa imefunikwa.

Kwenye kilima cha njia ya Kasapa, harufu ikampata. Harufu ya chungu kilichoungua. Mota ikaanza kunguruma, gari ikalegea. Akaelewa mara moja: pagne! Akiendelea, boîte inakufa. Akisimama, Rigobert yuko nyuma yake anangojea hilohilo.

Alisimama, wasikilizaji. Katikati ya barabara, msafara mzima nyuma yake!

Rigobert akaja mbio, mkono mbele. "Si nilisema? Leta funguo! Mwaba, shuka, kuya mu gari yangu!"

Mama Brigitte akaacha mota inazunguka, boîte hewani, bila gia, akashuka, akaanza kufungua pagne. Mke wa Rigobert akapiga kelele: "Unatukana ukoo yetu?"

"Hapana, mama. Pagne yenu iko muzuri sana. Lakini inanyima gari upepo."

Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkono wa Rigobert, ule ule uliokuwa unadai funguo. Kisha akainama dirishani. "Mwaba, tutafika. Unipe muda kidogo tu."

Mwaba akamtazama baba yake. "Papa, miye sishuki. Niko na mama mukubwa."

Wee! Bamama wakaimba, wakicheza palepale kwenye lami. Feni inavuta upepo, mafuta yanapita, yanapoa. Mama Brigitte akachomoa kijiti, akanusa, akapanda. Gari ikasogea. Ikashika. Ikapanda kilima kama haijawahi kuumwa! Waliingia Kasapa wakiwa wa kwanza, vigelegele hewani, na Rigobert nyuma anakula vumbi, pagne yake magotini.

Kabla ya chakula, Mama Kunda, dada mkubwa wa Émile, akasimama. Huyo akisema, ukoo umesema. "Gari iko ya Brigitte. Nani anakatala?"

Tangu siku hiyo Mama Brigitte aliwaendesha maarusi wa mji huu mpaka macho yake yalipochoka.

Na kwenye kilio chake, msibani, juzi, vijana wa ukoo walianza kuizunguka gari, wanafungua milango, wanauliza funguo iko wapi. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake, akaenda kukaa juu ya boneti. Ni Rigobert!

"Iyi gari iko ya Alexis na Mutale," akasema. "Mama yao aliitumikia. Muntu anayetaka funguo, aanzie kwangu."

Alexis, Mutale, Mwaba, na wewe Mzee Rigobert, poleni sana. Mji mzima unalia nanyi, na unajivunia. Na wewe unayenisikiliza, jiulize: katika ukoo wenu kuna mjane? Vitu vyake viko kwa nani? Kama viko kwako, inuka sasa, mrudishie.