Mwalimu Gershom, Aliyetufanya Ng'ombe

Tarehe 30 Aprili 1999, Mwalimu Gershom Changawa atakabidhi funguo za kanisa letu la Garsen baada ya kuzishika miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1967 awe karani: aandike kumbukumbu za vikao, apige kengele, ahesabu viti baada ya harusi. Kazi tutakayomkumbukia hakuna aliyemwajiri kuifanya. Ni michezo ya Jumapili ya Waanzilishi.

Kwa faida ya wageni wetu wa leo, kila Julai tunawakumbuka waumini wa kwanza wa upande huu wa mto, waliobatizwa wakaapa kutoshika mkuki tena. Kisa tunachokiigiza ni kimoja. Mwaka wa ukame, wafugaji wa Kiorma walishuka na ng'ombe waliokonda, wakakuta mashamba ya Wapokomo yameziba ukingo wote. Vijana wa pande zote mbili walikuwa tayari kuuana. Mzee Yohana Buya, muumini mpya, akachukua panga, akakata migomba yake mwenyewe, akawafungulia malka, yaani njia ya mifugo kufikia maji.

Kabla ya Mwalimu, mchezo huo ulichezwa ukumbini kwa nusu saa. Yohana aliinua mikono, akasema "Piteni!", pazia likafungwa, tukaenda kula pilau.

Mwalimu alitazama mara moja tu, kisha akauliza swali lililomponza maisha yake yote: "Walipita wapi?"

Aliwauliza wazee wa kanisa, na kila mmoja akanyoosha kidole upande wake. Mtu mwingine angeacha. Yeye alivuka barabara hadi kwenye manyatta ya Waorma, akaelekezwa kwa Mama Qabale, ambaye utotoni alichunga ndama katika njia hiyo. Mama Qabale alikubali kuja kutazama mazoezi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hii ng'ombe gani?" aliuliza. "Ng'ombe ya kiu hapana simama kuimba. Hii inataka maji!"

Tangu mwaka huo mchezo ulitoka ukumbini. Wafugaji walioigizwa walikuwa wawili tu. Sisi wengine wote, watoto kwa watu wazima, tulikuwa ng'ombe. Tulianzia langoni mwa kanisa tukatembea malka yenyewe hadi mtoni, kati ya nyua mbili za minyaa, tukilia na kusukumana. Mwalimu alitangulia na filimbi yake, Mama Qabale akafuata nyuma na fimbo. Mahali ambapo msalaba wa kanisa unajificha nyuma ya tangi la maji, tulikata kushoto. Mbele kidogo, ardhi inapoanza kuteremka, Mama Qabale alitufundisha kwamba hapo ndipo ng'ombe hunusa maji, na hapo tuliruhusiwa kukimbia. Hakuna mtoto wa Garsen aliyepita mikononi mwa Mwalimu asiyejua pa kuanza mbio.

Mambo hayakwenda sawa kila mara. Mwaka mmoja mtamba wa kweli aliingia katika msafara wetu, akarudi nasi hadi kanisani na kusimama mlangoni wakati wa mahubiri. Mwalimu alisema ndiye mwigizaji pekee aliyekuja mazoezini kwa wakati. Mwaka mwingine mweka hazina wetu, Mzee Zakaria, aliteleza ukingoni akiwa fahali, akaingia mtoni na suti yake ya harusi. Hadi leo anaitwa Fahali, na anaitika.

Mwaka 1996 baraza la kanisa liliona afadhali mchezo urudi ukumbini, kwenye taa na vipaza sauti. Jua ni kali, walisema, na kisa ni kilekile. Mwalimu, asiyewahi kupandisha sauti, alijibu kwamba wakiurudisha ukumbini watafute karani mwingine. "Nyinyi mnakumbuka maneno ya Yohana," alisema. "Mimi nataka miguu iyakumbuke." Baraza likaghairi, na tukaendelea kuungua na jua.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Mimi nilizaliwa katika kijiji ambacho mto ulikifuata ukalala juu yake, kwa hiyo najua maji yanavyoweza kufuta mahali. Yalipokauka mwaka 1998, minyaa haikuwepo. Ukingo mzima ulikuwa tope jipya, jeusi, laini, na watu waliotoka na njaa kwenye mahema ya waliohamishwa na mafuriko walilima kila walipoweza kuingiza jembe. Sitawalaumu. Ukumbi ulikuwa bado ghala la chakula cha msaada, na Julai hiyo mchezo haukufanyika.

Septemba ng'ombe wakaja. Jibril, mtoto wa Mama Qabale, alisimama na wenzake pembeni mwa mahindi, ng'ombe wakilia nyuma yao. Wakulima walisimama na mapanga. Naibu chifu aliuliza malka ilikuwa wapi, akajibiwa kwa makelele. "Hapa!" "Wapi hapa? Hapa ni kwa babu yangu!" Vijana walianza kuokota mawe.

Mwalimu Gershom alifika akihema, filimbi shingoni. Akauliza kwa sauti ileile ya kikaoni: "Nani hapa amewahi kuwa ng'ombe?"

Mkono wa Fahali ukapanda, na mwingine, na mwingine, mpaka Waorma wakaanza kucheka.

Mwalimu alitugawa makundi mawili. Watu wazima tulitoka kwanza langoni, vijana wakabaki nyuma ya kanisa wasituone, kisha nao wakatoka. Msalaba ulipojificha nyuma ya tangi tulikata kushoto. Ardhi ilipoteremka miguu yetu ilikimbia yenyewe, hata ya watu wenye wajukuu. Tulitokea ukingoni mbele ya Mama Qabale, aliyekuwa amechomeka fimbo yake kwenye tope tangu asubuhi bila kumwambia mtu. Vijana nao wakatokea mahali palepale.

Mmoja wetu hakufika. Sarah, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa amesimama katikati ya mahindi yake mwenyewe, yaliyokuwa yanaanza kubeba. Alikuwa na watoto watano na shamba hilo tu.

"Mama Sarah, rudi kwenye foleni," Fahali alimtania, akakoma alipouona uso wake.

"Nimepita hapa tangu nikiwa ndama," Sarah alisema. "Nitadanganya nani?"

Jibril alimsikia. Alisema ng'ombe watazungukia darajani, ingawa ni mbali, mpaka Sarah avune. Wakazungukia. Sarah alipovuna, alikata mabua kwa mkono wake na kuwapa ndama. Pale malka inapopita shambani mwake kuna minyaa michanga sasa. Waliipanda Sarah na Jibril.

Mwalimu, kanisa linakushukuru kwa kengele, kwa kumbukumbu za vikao na kwa lile swali lako. Filimbi amekubali kuipokea Sarah, ambaye tayari ametangaza mazoezi. Miaka yote ulitangulia mbele, hukuwahi kuwa ng'ombe hata siku moja, na tumesikia umemwomba nafasi. Ipo, nyuma ya Fahali. Nenda ukapumzike vyema, tuonane Julai, na ukifika penye mteremko, ukimbie.