Gari Alilonyakua Mtani

Kijiwe cha Mtendeni kina benchi mbili, birika moja la kahawa na mahakimu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyesomea sheria. Levina alifika pale na gauni lake la usimamizi wa harusi, pindo likifagia vumbi. Mchana ule ule alitakiwa kumfikisha dada yake Josepha kanisani, na gari lake, gari pekee la ukoo, limefungwa mnyororo gurudumuni kule sokoni kwa deni la maegesho. Deni lenyewe ni la wiki ya msiba wa mjomba. Abbasi, dereva wa bajaji aliyeketi pale benchini, Mzaramo na mtani wao, aliunyakua ufunguo pale matangani kama watani wafanyavyo, akatamba na gari mjini hadi tanga lilipoanuliwa. Levina alikuwa anachemka. Lakini kumkasirikia mtani ni aibu, kwa hiyo alichemka huku anatabasamu.

— Shikamooni. Mtani, twende ukalipe. Uliliegesha wewe.

— Mie? Nimelichukua msibani, mtoto wa Kinyamwezi! Cha mtani kikishachukuliwa hakidaiwi. Tangu babu zenu walipofika kwetu wamebeba pembe, ndimi nje, wakiomba maji.

— Mkawauzia!

— Sasa tuwape bure?

Mzee Alois, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, akakohoa.

— Sheria iko wazi. Gari lina jina la Levina. Alipe Levina.

— Kwa hiyo, mzee wangu, nikikuazima koti ukaenda nalo kuiba kuku, nifungwe mimi?

— Itategemea. Koti lina jina?

— Wote mmepotea, akadakia Vedasto fundi, jina lake la kijiweni Spana. Kosa ni la gari. Siku ile Abbasi alishashuka, yuko kwa mama lishe anakula. Aliyebaki pale barabarani nani? Gari! Lishitakiwe lenyewe.

— Au marehemu, Abbasi akaongeza. Asingekufa, mie ufunguo ningeupata wapi?

Benchi zikalipuka kwa kicheko. Levina akajing'ata mdomo asicheke. Kwenye midahalo ya chuoni hoja kama hizi angezichanachana mbele ya waamuzi. Hapa waamuzi ndio hawa hawa. Akaitazama bajaji ya Abbasi kando ya benchi, ufunguo unaning'inia. Akakunja gauni, akaingia, akauchomoa.

— We mtani! Unafanya nini?

— Nachukua. Kwetu leo kuna shughuli. Hakidaiwi, sivyo?

— Teremka bwana, hiyo ni...

Hakumaliza. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yao na ndoo ya asali kichwani.

— Hamjambo jamani? Nawahi stendi. Bajaji hii ya nani?

Abbasi akafungua mdomo. Mzee Alois akamshika mkono.

— Angalia unachojibu, Abbasi. Ukisema yako, basi cha mtani kikichukuliwa hakigeuki cha mchukuaji, na gari la watu uliliegesha wewe. Unalipa. Ukisema ya Levina, basi wiki ile gari lilikuwa lako. Unalipa.

— Hakimu, si ulikuwa upande wangu wewe?

— Nilikuwa.

— Jamani, mama akahamisha ndoo, mbona swali lenyewe dogo? Ya nani?

Abbasi akamtazama mama, akamtazama Levina aliyejinyoosha kwenye usukani kama malkia. Akatoa simu mfukoni.

— Mtani, hebu nisomee hiyo namba ya malipo ya maegesho. Polepole.