Starehe za Ndegeni

Yasmini alijifanya amelala ili awasikie vizuri waliokaa mbele yake kwenye basi la kutoka Mohoro. Bi Mwanawetu alikuwa anakwenda Maskati kwa bintiye aliyejifungua, na hajapata kupanda ndege. Jirani yake, Bwana Twalibu, aliipanda mara moja tu, basi akawa mwalimu.

"Utastarehe, mama. Runinga hii hapa mbele yako. Ukichoka, unakilaza kiti. Wanakupa kitaulo cha marashi upanguse uso, vipamba vya masikioni, kitambaa cha kuziba macho, kisha blanketi mpaka shingoni."

Bi Mwanawetu akahesabu kwa vidole. "Nipanguswe, nitiwe marashi na pamba, nifunikwe. Baba, hao wananisafirisha au wananizika?"

"Lo! Hiyo ni starehe, mama!"

"Starehe hiyo nimewafanyia maiti wengi pale Mohoro. Hakuna aliyerudi kuisifu."

Bwana Twalibu akarudi haraka kwenye habari za runinga.

Basi likasimama stendi ya Kibiti, ambako gari la kumfikisha uwanja wa ndege Dar es Salaam lilikuwa likiunguruma. Bi Mwanawetu akashuka na kikapu cha mjukuu, akamshika konda mkono.

"Mwanangu, basi la Maskati linapaki wapi?"